Mbao Zisizolingana

Fedha ya mabenchi ya kanisa hapa Migato hutoka katika pamba, nayo haipatikani bila jasho. Kwa hiyo twaona uchungu tukinunua mbao zilizopigwa randa, zote zikiitwa mbili kwa nne, kumbe moja imepungua robo inchi, na nyingine nusu.

Je, muuzaji ni mwivi? Si kila mara. Jina la ubao ni kipimo cha msumeno. Kisha randa hula kila upande. Tena mti mbichi ukikauka husinyaa kwa upana na unene, bali kwa urefu ni kidogo mno. Lakini ajuaye upungufu akanyamaza, huyo ana vipimo viwili, na Mithali yamkemea.

Basi yafaa kupima kila ubao ncha zote mbili na katikati, kabla ya kulipa. Zipangwe kivulini, vijiti kati yake, zikauke. Halafu fundi anyoshe uso mmoja, aupime kwa guni, na kwa mahati achore unene wa ule ulio mwembamba kuliko wote. Maana ubao mnene hupunguzwa, mwembamba hauongezwi. Na wenye nguvu katika kanisa na wajifunze hayo.