Bel-Air maana yake hewa nzuri

Kwa Kifaransa jina la mtaa wetu maana yake ni hewa nzuri. Na katika komini yetu hii ya Kampemba kuna pia Hewa Bora, jina ambalo halihitaji kutafsiriwa. Mwezi wa saba tukikutana asubuhi, kila mmoja kajiziba pua kwa kitenge, kuna mama mmoja kati yetu hakosi kuuliza: hiyo hewa waliyoisifu imekwenda wapi? Tunacheka, halafu tunakohoa.

Lubumbashi si jangwa. Kwa mwaka tunapata mvua ya milimita 1,200 hivi. Lakini karibu yote inanyesha kati ya mwezi wa kumi na mwezi wa nne. Kuanzia wa tano mpaka wa tisa mbingu inafungwa, na barabara zetu za udongo zinasagika kuwa unga. Hicho ndicho kipwa chetu. Unaanika nguo nyeupe, unaanua nyekundu. Lori moja likipita, kila lupango la avenyu hiyo linapata fungu lake, na sombe iliyokwisha kuoshwa inarudi kwenye maji.

Vumbi tunaliona wote. Moshi ndio tulichelewa kuuelewa, na kumbe baridi ina mkono wake. Mji wetu uko juu, mita zaidi ya 1,200, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi inauma kweli. Mbingu ikiwa haina wingu, ardhi inapoteza joto lake upesi. Hewa ya chini inapoa, inakuwa nzito, inatulia. Juu yake hewa yenye joto kidogo inafunika kama mfuniko wa chungu. Na saa hizo ndizo kila lupango lina babula inayowaka: maji ya kuoga, bukari ya jioni, takataka zinazochomwa nyuma ya nyumba. Moshi hauna pa kupandia. Ndiyo maana alfajiri unauona umelala juu ya mabati, na kuelekea saa nne, jua likishapasha ardhi, unatawanyika.

Wazee wetu waliujua moshi mwingine, wa bomba refu la kiwanda cha kuyeyushia shaba, kilichoanza kazi mwaka 1911. Upepo wa kipwa unatoka kusini-mashariki, kwa hiyo kwa miaka mingi gesi ya salfa ilipelekwa kaskazini-magharibi, upande wa Penga Penga, mpaka miti ikafa na udongo ukabaki uchi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kupanda majani na miti pale. Sisi wa Bel-Air tuko upande mwingine wa mji, na tulizoea kusema: afadhali sisi. Tulisema hivyo huku babula ziko miguuni petu.

Kipwa cha mwaka juzi, mwenzetu mmoja kijana alikuwa ametoka kujifungua. Mtoto alikuwa na wiki tatu. Umeme ulikatika, baridi ikazidi. Akaingiza babula chumbani, makala yamekwisha kuwa mekundu, bila moshi hata kidogo. Akafunga dirisha, akaziba chini ya mlango kwa kitenge. Mama mkwe wake aliyelala humo aliamka usiku, kichwa kinampasuka, akataka kutoka nje. Aliufungua mlango, akaanguka pale pale kizingitini. Mlango ule uliobaki wazi ndio uliowaokoa wote watatu. Kwenye kituo cha afya tuliambiwa kwamba makala mekundu yanatoa gesi isiyo na rangi wala harufu, inayochukua nafasi ya hewa safi katika damu.

Tuseme ukweli. Siku ile mchana tulikuwa tumekwenda kumwona mtoto, na sisi wenyewe ndio tuliomwambia: angalia asipate baridi.

Mkutano uliofuata ulikuwa mgumu. Shirika la Afya Duniani limehesabu watu milioni 3.2 waliokufa duniani mwaka 2020 kwa sababu ya moshi wa mapishi ya nyumbani, lakini idadi kama hiyo haipiki chakula. Wanne kati yetu wanauza makala; likelemba yetu inasimama kwa pesa hizo. Jiko la gesi wengi hatuliwezi. Mama mzee mmoja alisimama akasema yeye alilelewa chumba kimoja na babula, na amezika waliolelewa bila babula. Hatukumjibu upesi, maana ni mama yetu. Ni mwanawe aliyemwambia polepole: mama, nyumba ile ilikuwa ya nyasi, ilipumua yenyewe. Hii ni ya tofali na bati, na plafo umeiweka mwenyewe.

Hatukuacha makala. Tulikubaliana babula iwashwe nje, ibaki nje usiku, na wakati wa masika ipikiwe chini ya bati la barazani, mlango na dirisha vikiwa wazi. Halafu tukakata kidogo katika likelemba ya mwezi wa tano, tukanunua mablanketi, kwanza kwa nyumba zenye watoto wachanga na wazee.

Mama mzee alichukua lake bila neno, akalitupa begani. Jioni tulipopita kwake, babula yake ilikuwa inawaka chini ya mwembe, na yeye amekaa kando, blanketi mpaka masikioni, akitulalamikia baridi.