Nguzo Zimefika, Mafiga Yako Palepale

Kidatu tulikijua kwa redio kabla hatujakijua kwa taa. Bwawa lile la Ruaha Mkuu lilianza kutoa umeme mwaka 1975, na sisi wa Butiama habari zake tulizisikia kwenye redio iliyotumia betri zilizokwisha kuanikwa juani juu ya bati ziongeze nguvu kidogo. Taarifa ya habari ikiisha baba anazima. Muziki ulikuwa anasa ya Jumapili.

Taa kwetu ilikuwa kibatari. Wenye uwezo walikuwa na chemli, na karabai ilitoka msibani au harusini, ikivuma usiku kucha huku watoto tukigombea kuipampu. Umeme wenyewe ulikuwa Musoma mjini, kwenye mitambo ya dizeli, na baada ya vita vya Kagera dizeli nayo ikawa adimu kama sukari. Nakumbuka jinsi tulivyowahusudu wanafunzi wa mjini. Tulipanda Mwitongo, tukakaa juu ya yale majabali wanakocheza pimbi, tukabishana ni lini nguzo zitafika kijijini kwa Mwalimu Nyerere. Hakuna aliyebishana habari za kuni.

Kuni zilikuwa hapohapo, au tuseme mama zetu walitufanya tuamini hivyo. Walikwenda asubuhi, wakarudi na mzigo kichwani, ugali ukapikwa. Msitu wa Muhunda haukuguswa. Ule ni wa mizimu ya Wazanaki, na hata mwenye shida alipita kando. Migunga ya mashambani na vichaka vya vilimani ndivyo vilivyobeba taifa. Ilipokosekana hiyo, tulichoma mabua ya mtama, yanayokula macho kwa moshi na kuisha kabla maji hayajachemka.

Kisha akaja sangara. Watu wanakumbuka fedha alizoleta Ziwa Victoria na furu aliowamaliza. Moto wake wameusahau. Furu alikuwa samaki mdogo, unampasua, unamwanika, jua linamaliza kazi bure. Sangara ni mkubwa, ana mafuta, juani anaoza. Inabidi abanikwe au akaangwe kwa mafuta yake mwenyewe, na hilo linataka magogo. Tangu miaka ya themanini, biashara ya samaki ikavutana na majiko ya nyumbani kugombea mti uleule. Minofu bora ilikatwa viwandani na kupelekwa Ulaya kwenye barafu. Akina mama wa mialoni walibakiwa na mapanki, na mapanki hukaangwa kwa kuni. Sijawahi kusikia moto huo ukitajwa kwenye hotuba yoyote ya nishati.

Maana nishati, kwa lugha ya redio, ilikuwa megawati. Tulifundishwa kuzihesabu kama mabao ya mpira: Kidatu 204, Mtera 80, Kihansi 180. Katikati ya miaka ya tisini karibu umeme wote wa gridi ulitegemea maji, kwa hiyo mvua ikigoma nchi nzima iliingia kwenye mgawo. Tukakimbilia mitambo ya kampuni binafsi. IPTL ikatuachia kesi zisizoisha, na Richmond, iliyoletwa wakati wa ukame wa 2006, kwa kashfa yake ikamng'oa Waziri Mkuu Lowassa Februari 2008. Gesi ya Songosongo, iliyogunduliwa 1974, ilikaa ardhini miaka thelathini kabla ya kufika Dar es Salaam 2004. Baadaye gesi ikawa ndiyo inayozalisha zaidi ya nusu ya umeme wa gridi. Sasa tumerudi kwenye maji. Bwawa la Rufiji, ndoto ya serikali ya Mwalimu tangu miaka ya sabini, limepewa jina lake, na mashine zake tisa zina uwezo wa megawati 2,115, zaidi ya vituo vyote vya gridi vilivyolitangulia vikijumlishwa. Machi 2024 tulisikia maajabu: TANESCO imezima vituo kadhaa vya maji kwa sababu umeme umezidi. Mtu wa mgawo kama mimi nilidhani nimesikia vibaya.

Na kwetu nguzo zilifika. Wakala wa Nishati Vijijini alipita, wa kijijini akaungiwa kwa shilingi 27,000, na lile neno la serikali kwamba vijiji vyote 12,318 vimefikiwa mimi nalikubali, ingawa kufika kijijini na kufika nyumbani kwa mtu ni safari mbili. Vibatari vilikuwa vimeshaanza kufa; kodi ya mafuta ya taa ilipopandishwa mwaka 2011 kuzuia uchakachuaji, watu wakahamia vitaa vya sola. Leo Butiama kuna saluni, mashine ya kusaga ya umeme, na kijana wa kuchaji simu hana kazi tena. Hayo yote ni mazuri. Lakini ingia jikoni.

Zaidi ya asilimia 80 ya nishati inayotumika nchini bado ni kuni na mkaa. Miaka hamsini ya megawati imebadilisha kilichoko darini, mafiga hayajasogea. Migunga tuliyoiacha haipo, na shangazi yangu, ambaye zamani alirudi na mzigo kabla ya saa nne, sasa ananunua kuni kwa mkokoteni wa punda. Nyumba yake ina mita ya umeme ya LUKU.

Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa kufikisha nishati safi ya kupikia kwa asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Shangazi amepata mtungi mdogo wa kilo sita. Anautumia kuchemshia chai, na wageni tukija unatolewa kwa heshima. Nilimuuliza kwa nini ugali bado uko nje.

"Mwanangu, sufuria ya watu kumi haisongwi juu ya hiki, kitacheza kianguke. Na kikiisha, zinatakiwa fedha zote kwa mkupuo. Kuni nakopa. Umeme naweka wa elfu moja. Gesi wakiniuzia ya elfu moja, njooni tena hapa muone."

Dar es Salaam mita za gesi za namna hiyo zimeshaanza kutumika. Butiama sijaona hata moja.