Dakika Chache za Maji

Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, aendaye Kigamboni kutoka katikati ya Dar es Salaam ana njia mbili: kuzungukia Kurasini, au kuvuka kwa pantoni pale Magogoni. Ijumaa iliyopita, baada ya swala, nilichagua pantoni.

Lango lilipofunguliwa, umati uliteremka kwa haraka: akina mama na ndoo zao za samaki wa Feri, wanafunzi, mafundi. Magari yalipangwa, nasi waendao kwa miguu tukajibana kandokando. Nikasoma dua ya safari. Mara tukawa tumefika ng'ambo.

Hapo ndipo aibu iliponishika. Ng'ambo ile anaishi kaka yangu, tuliyegombana kwa ajili ya kiwanja cha marehemu baba. Miaka miwili nilikuwa nikijitetea kwamba Kigamboni ni mbali.

Aliitikia salamu yangu, akanitazama kitambo, kisha akasema, "Karibu ndani, mdogo wangu." Chai ikaletwa. Kiwanja hakikutajwa.

Ndugu msomaji, mwenye jamaa ng'ambo ya pili asingoje msiba ndio umvushe.