Birika Linalochemka Laweza Kuua

Juma hili tumehudhuria mafunzo ya siku moja, hapa Uingereza, ya kukagua na kupima vifaa vya umeme vinavyohamishika. Tulikuwa pamoja na wenzetu wanaotunza kumbi, ofisi na karakana. Tungependa kuwashirikisha jambo moja, kwa kuwa lamgusa kila mwajiri na kila mwajiriwa.

Jambo lenyewe ni hili: kifaa chaweza kufanya kazi vizuri, na papo hapo kikawa hatari. Tulitazame birika la chuma. Waya wake una nyuzi tatu: wa kahawia huleta umeme, wa buluu huurudisha, na wa kijani na njano huliunganisha bati la birika na ardhi. Huu wa tatu hauchemshi maji. Hungoja tu siku ambayo umeme utaligusa bati. Hapo huupeleka ardhini, na fyuzi ikakatika. Ukiwa umekatika wenyewe, maji yatachemka kama kawaida, na chai itanywewa bila dalili yoyote. Siku ya hitilafu, njia ya umeme itakuwa mkono wa atakayelishika. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jicho haliuoni mkato huo, ndiyo maana ipo mashine ya kupimia. Lakini mashine nayo ina upofu wake. Taa ya mezani yenye waya mwembamba, inayostahili fyuzi ya ampea 3, yaweza kufaulu vipimo ikiwa na fyuzi ya ampea 13. Kumbe ikitokea hitilafu, waya waweza kuungua kabla fyuzi haijakatika. Kosa hilo hugunduliwa na mtu aliyeichomoa fyuzi na kuisoma. Kwa sababu hiyo ukaguzi huanza kwa macho: plagi iliyopasuka, waya uliochubuka, kiungo kilichofungwa utepe, alama ya kuungua. Kasoro nyingi huonekana hapo, mashine ingali imezimwa.

Kanuni za Uingereza za umeme kazini, za mwaka 1989, haziamuru stika wala kipimo cha kila mwaka. Zinadai vifaa vitunzwe ili kuzuia hatari. Muda wa ukaguzi hufuata matumizi: drili ya mjenzi hukaguliwa mara nyingi kuliko kompyuta isiyoondoka mezani. Stika hushuhudia siku ile tu iliyobandikwa. Haijui waya uliokanyagwa na kiti kesho yake.

Hata hivyo, anayeibandika humwekea sahihi mtu asiyemfahamu: mfanya usafi wa alfajiri, ambaye hatafungua plagi, bali ataamini tu. Imani yake isiwe mtego. Basi, wapendwa, tutazame kabla ya kuchomeka. Na kilichopasuka tukiondoe leo, tusimwachie atakayetufuata.