Mwanya wa Fundi

Niliingia karakana ya reli Nairobi mwaka 1974, spanaboi wa kushika taa na kufuta grisi. Wakati huo bado tulikuwa na vichwa vya mvuke aina ya 59, vile vya Garratt vilivyoundwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956. Vilikuwa 34, kila kimoja tani 252, na kila kimoja kimepewa jina la mlima.

Abiria aliona kichwa kimoja. Sisi tuliona vipande vitatu. Boila ilikaa katikati juu ya fremu yake, injini moja mbele, nyingine nyuma, na kila injini ikigeuka kwenye egemeo lake. Ndiyo maana jitu lile la karibu mita 32 liliweza kupinda kona za reli yenye upana wa mita moja tu. Mzee aliyenifunza kazi, kila akimaliza kukaza egemeo, alipitisha bamba jembamba la kupimia mwanya. Nilidhani anapoteza muda.

Mvuke ukakoma, nikahamia dizeli hadi kustaafu. Nyumbani nikafunga jiliwa kwenye meza, nikanunua tupa na lehemu, kisha nikaenda Makumbusho ya Reli kupima kichwa cha Mount Gelai, namba 5918, ili niunde mfano wake mdogo. Kila sentimita 22 na nusu nikaifanya moja. Reli ikawa ya upana wa milimita 45, kichwa urefu wa mita moja na sentimita 40. Mabehewa niliyakata kwenye madebe ya mafuta ya kupikia. Kichwa nilikipaka rangi ya damu ya mzee, kama tulivyokizoea.

Maegemeo niliyakaza yasitikisike hata chembe. Kwenye kona ya kwanza uani, kichwa kikaruka reli. Mjukuu wangu akaangua kicheko. Nikalaumu reli, nikapanga mataruma upya. Kikaanguka tena. Siku ya tatu nikalegeza nati za maegemeo robo mzunguko, kikapinda kona taratibu, injini ya mbele ikitangulia kugeuka na ya nyuma ikiifuata.

Nilikuwa na miaka zaidi ya sitini nilipomwelewa mzee yule. Siku hizi nina bamba langu la kupimia mwanya, na hakuna kichwa kinachotoka mezani kabla halijapita.