Lupango wa Katuba: nkambo abaki wapi?

Fundi mwashi mmoja wa Katuba, hapa Lubumbashi, amejengea watu nyumba nyingi, lakini inayomnyima usingizi mwaka huu ni ile ya kwao. Baba yake alifariki, lupango ukabaki: nyumba ya matofali ya vyumba vitatu, choo nyuma, kisima, na mwembe mkubwa katikati. Anayekaa humo ni mama yake, mjane anayekaribia miaka 80, pamoja na mjukuu msichana anayesoma chuo kikuu. Watoto ni watano. Wawili wanataka kuuza wagawane pesa. Wawili wanataka kujaza kiwanja na aneksi za kupangisha. Huyu fundi ana shauri la tatu, na amelichora kwa kalamu ya risasi nyuma ya kalenda ya zamani.

Sheria inawapa watoto nguvu. Kwa Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, watoto wa marehemu ndio warithi wa kwanza na wanapata robo tatu ya urithi. Lakini kanuni hiyo hiyo inampa mjane haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Katika mitaa yetu haki hiyo inasahauliwa haraka. Mnunuzi anakuja na pesa taslimu, watoto wanatia sahihi, na mama anaanza kuhama kwa mtoto huyu miezi mitatu, kwa yule miezi miwili, mfuko wake wa nguo mkononi. Mama wa namna hiyo haitwi maskini, kwa sababu analala ndani na anakula. Lakini hana mlango wake.

Tabia ya kujenga nyumba bila nafasi ya wazee haikuanza leo. Union Minière ilipoanza kuwaacha wafanyakazi wake wakae na wake zao, mwishoni mwa miaka ya 1920, nyumba za kambi zilikuwa za mwanaume, mke na watoto. Nkambo alikuwa mgeni. Alibaki kijijini, au alikuja kutembea tu. Halafu Gécamines ikaanguka, na mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka katika mpango ulioitwa wa kujitolea. Vijana wa kambi wakawa wazee wa mji, na wengi hawakuwa tena na kijiji cha kurudia. Nyumba ndogo ile ile ikabidi ibebe vizazi vitatu, wakati mwingine vinne.

Jibu la mji likawa aneksi. Tunayo hata komine nzima yenye jina hilo! Aneksi inasaidia, hilo halibishaniwi: kodi ya vyumba viwili inanunua unga na makala. Ila zikipangwa kwa mstari mpaka ukutani, mwembe unakatwa, hewa inakwisha, choo kinasogea karibu na kisima, na mzee anabaki katika chumba cha nyuma ambacho dirisha lake linatazama ukuta. Watoto wanapita mbele yake bila salamu kwa sababu ni watoto wa wapangaji, hawamjui.

Mchoro wa fundi unafuata njia nyingine. Mwembe unabaki. Nyumba ya zamani inabaki ya mama, ila mlango unapanuliwa, ngazi mbili za mbele zinaondolewa, na chumba chake kinahamia upande wa kaskazini. Hapa kwetu jua la Juni na Julai linapita kaskazini, na baridi ya miezi hiyo asubuhi wazee wanaijua kwenye magoti. Kuzunguka kiwanja vinajengwa vyumba vinne tu, kila nyumba na mlango wake na kufuli yake, milango yote ikitazama baraza moja. Viwili vya familia, viwili vya kupangisha. Jiko moja lenye paa, mbabula zikae hapo, maana moshi ndani ya chumba cha mtoto mchanga na cha mzee ni ugonjwa wa kujitafutia.

Maji nayo yamo. Lubumbashi inapata mvua ya karibu milimita 1,200 kwa mwaka. Kila milimita juu ya mita mraba moja ya malata ni lita moja. Paa la mita mraba 50 linaweza kukusanya karibu lita 60,000 kuanzia Novemba mpaka Aprili, ukiondoa zinazopotea. Tangi halitamaliza kiangazi, lakini mama hatavuta kamba ya kisima wakati wa mvua.

Penye ubishi zaidi ni matofali. Udongo wa vichuguu ni mzuri, kila fundi wa Katanga anajua, lakini kuyachoma kunakula kuni za misitu ile ile inayotupa makala. Yeye anapendekeza matofali mabichi yaliyokaushwa vizuri, msingi wa mawe, na paa lililotokeza ili mvua isilambe ukuta. Mdogo wake amecheka: matofali mabichi ni ya kijijini. Kicheko hicho kimegharimu mji huu miti mingi.

Wake wa ndugu zake wameuliza swali zito kuliko la udongo. Nani atamsafisha mama akishindwa kuamka? Kuishi baraza moja kunaweza kugeuka kazi ya wanawake wawili huku wanaume wakisifiwa kwa umoja wa familia. Fundi hakuwa na jibu, akaongeza kwenye karatasi: kodi ya chumba kimoja iende kwa matunzo ya mama, na atakayemhudumia alipwe humo. Mjukuu akaomba naye awekewe taa ya jua, kwani umeme ukikatika masomo yanasimama.

Karatasi imeshapata sahihi tatu. Mama mwenyewe aliombwa maoni mwishoni kabisa, baada ya wote. Aliuliza kama kutoka kitandani kwake ataweza kuona mlango wa lupango, ajue nani anaingia. Dirisha likasogezwa. Wa nne anataka kwanza hesabu ya matofali. Wa tano yuko Kolwezi, bado anataka sehemu yake kwa dola, na simu yake tangu Jumapili haipatikani.