Kati ya vumbi na matope

Ripoti za mashirika zinajua majira mawili tu hapa Nyarugusu: vumbi na matope. Wakati wa vumbi watoto wanakohoa, wakati wa matope magari yanakwama. Ni kweli, sikatai. Ila mtu aliyekaa hapa miaka mingi kama mimi anajua kuna majira mengine ambayo hayaingii kwenye fomu, na mimi nayapenda. Kusema hivyo kambini si jambo dogo, nitaeleza kwa nini.

Chukua mwezi wa tisa. Nyasi zimeungua, ardhi ni nyeusi, moshi unaingia machoni. Mvua hatujaiona tangu mwezi wa tano. Halafu asubuhi moja unatazama upande wa pori na miombo imetoa majani mapya, tena si ya kijani. Ni mekundu, mengine rangi ya shaba, mengine damu ya mzee kabisa. Miti hiyo haisubiri mvua, bwana. Mizizi yake imeshuka mbali na ina akiba ya maji, kwa hiyo inavaa nguo mpya wakati sisi bado tunapanga ndoo bombani. Mwaka wangu wa kwanza nilidhani imeugua.

Mvua zikianza, usiku kumbikumbi wanatoka, na kila mwenye tochi anaweka beseni la maji chini yake. Kisha uyoga. Mama mmoja Muha aliyekuwa akiniuzia uyoga sokoni aliniambia, “Huu una miti yake. Ukikata mti, usiutafute tena.” Nilichukulia kama maneno ya wazee. Kumbe ni kweli tupu: uyoga wa aina hiyo na mizizi ya miombo vinalishana chini ya udongo, mti unatoa sukari, uyoga unausaidia mti kupata maji na rutuba. Sasa ukiangalia pale tulipokata kuni miaka yote hii, hakuna kitu. Miche tunayogawiwa inakua haraka, nashukuru, lakini chini yake sijaokota hata uyoga mmoja wa kula.

Na msidhani naenda porini kutembea. Bila kibali hatutoki, na wanawake wamepatwa na mabaya huko wakitafuta kuni. Mara nyingi pori nalipenda kwa macho tu, nikisimama pale nyumba za zoni yetu zinapoishia. Mwezi wa sita na wa saba nasimama hapo nimejifunika blanketi, maana baridi ya asubuhi Kasulu si mchezo, na ukungu umelala bondeni kama maziwa kwenye bakuli. Jua likipanda unaona vichwa vya miti kwanza, halafu miti yenyewe, halafu watu.

Mimi ni mtoto wa Ubwari, ule upande unaotazama ziwa kubwa. Kwetu majira tulisomea kwenye maji. Kiangazi upepo wa kusini ulisimamisha mawimbi, mitumbwi ya ndakala ikabaki mchangani, na moshi wa mashamba ukafuta ng'ambo yote ukadhani ziwa halina mwisho. Mvua ikinyesha vizuri hewa inasafika, na kesho yake milima ya ng'ambo imetokea, karibu mpaka unahesabu makorongo. Tulikuwa tunaitazama tukila muhogo. Ilikuwa milima ya Burundi na Tanzania. Sikujua kwamba siku moja nitalala nyuma yake.

Sasa jambo lenyewe. Jirani yangu, mzee wa kutoka Fizi, alinisikia namsifia mtu yale majani mekundu. Akaniita pembeni. “Mwanangu, usisifu sana inchi ya watu. Wenye inchi watasema tumezoea. Wale wa kuturudisha watasema hatutaki kurudi. Na wa kwetu watasema tumesahau.” Nilimheshimu, nikanyamaza siku hiyo. Lakini neno lake nimelibeba muda mrefu na bado halinitoshi. Nikipenda ukungu wa hapa, je, ziwa langu linapungua maji? Na nikijikaza nisiupende, nani ananilipa hiyo miaka?

Binti yangu kazaliwa hapa. Ziwa halijui, naye akichora nyumbani anachora miombo, anaipaka nyekundu, mwalimu anamwambia miti ni kijani. Mimi namwacha na rangi yake. Jioni namweleza Ubwari, anauliza kama huko nako kuna uyoga. Namwambia kuna samaki. Anafikiri kidogo, anasema basi tutabeba uyoga tukienda.

Mwaka jana mvua za kwanza tulipata bakuli moja, tukapika na mawese. Nikampelekea mzee sahani. Alikula yote, akafuta sahani kwa tonge la mwisho, akauliza kama kesho yule mama atakuwepo sokoni.